Usifute Jina la Aliyeandika

Hii ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vijana waliokuwa wakimaliza mafunzo ya kompyuta, mbele ya wazazi na walimu wao. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa nizungumze kuhusu leseni za programu za kompyuta. Nilipomwambia mwenzangu ofisini alicheka, akasema mtakuwa mmelala kabla sijafungua ukurasa wa pili. Kwa hivyo nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana sijawahi kuona mtu akisinzia wakati afisa wa serikali anakiri kosa.

Miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi, tulichapisha bango la ramani. Lilionyesha visima, matangi ya maji na zahanati, likabandikwa kwenye ofisi za machifu, zahanati na sokoni. Ramani yenyewe hatukuichora sisi. Tuliitoa OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo watu wa kujitolea huichora na kumpa yeyote bure. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na maandishi madogo yanayosema kwamba ramani ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap. Nembo ya kaunti ilihitaji nafasi. Mchoraji wetu akaniuliza, "Haya maandishi tuyatoe?" Nikasema toa. Kisha tukaandika chini kwamba bango na ramani vimetayarishwa na ofisi ya mawasiliano. Mimi niliyesomea uandishi wa habari, ninayejua jinsi inavyouma kuona picha uliyoipiga ikitoka gazetini kwa jina la mtu mwingine, nilisema "toa" bila hata kuinua macho.

Wiki mbili hazikuisha, simu ikaja. Mama mmoja alikuwa ametembea na punda wake, mitungi ikiwa mgongoni, hadi kwenye kisima kilichoonyeshwa na bango letu. Pampu ilikuwa imeharibika kitambo. Alitaka kujua ni nani aliyechora ramani ile ili amwambie. Akaunganishwa nami, nami sikuwa na la kusema. Sikujua nani alikitia kisima kile kwenye ramani, alikitia lini, wala kinaondolewa vipi.

Kabla ya mwezi kuisha akafika kijana mmoja, bango amelikunja kwapani. Alikuwa ametumia likizo mbili za chuo akizunguka na simu yake, akichora vijia vya wadi yao na kuvitia OpenStreetMap. Hakuja kudai pesa. Alilitandaza bango mezani pangu, akaweka kidole. "Kijia hiki nilikichora mimi. Na kisima hiki mbona mmekionyesha kizima? Mimi nilishaandika kwamba kimeharibika." Na kweli alikuwa ameandika. Ramani ya asili ilikuwa imesahihishwa baada ya sisi kuchukua nakala yetu. Mtu ambaye angeyaona yale maandishi madogo angeweza kwenda kwenye ramani ile kwa simu yake na kuukuta ukweli. Sisi tuliyafuta, na kwa kuyafuta tukaiziba njia ya kurudi kwa wanaojua.

Tulichapisha upya. Safari hii maandishi yalibaki pembeni, na kisima hakikuwemo.

Sasa nyinyi. Mwalimu wenu ananiambia kila mmoja ana mradi wa kumalizia kozi: huyu programu ya bei za mboga, yule ya kuweka hesabu za chama cha akina mama, mwingine ya waendesha bodaboda. Hakuna hata mmoja aliyeandika kila mstari kwa mkono wake, na hilo halina aibu yoyote. Hakuna anayefanya hivyo duniani. Mnachukua vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, mnaviunganisha, mnaongeza vyenu. (Najua darasani mnasema "kodi". Mimi natoka serikali ya kaunti, na nikitamka kodi mbele ya wazazi waliotoka sokoni asubuhi hii tutakosana. Leo nitasema msimbo.)

Programu ya chanzo huria ni ile ambayo mwandishi wake ameuacha msimbo wazi, akaruhusu watu wausome, wautumie, waubadilishe na wawagawie wengine. Neno la kushika hapo ni "akaruhusu". Kazi bado ni yake. Ametoa ruhusa, ruhusa ina masharti, na yameandikwa kwenye leseni. Wengi huiona ile faili ya LICENSE wakaipita kama wanavyopita maandishi ya nyuma ya tiketi ya matatu.

Sheria yetu iko wazi kuhusu hili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, kundi moja na riwaya na tamthilia. Mwandishi halazimiki kuisajili popote ndipo ilindwe. Na hata akiuza haki zake zote za kipato, sheria hiyo inambakishia haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe. Mwandishi akiwa Norwei au India, bado analindwa hapa, kwa sababu Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1993. Vilevile, ukikuta msimbo mtandaoni usio na leseni yoyote, usidhani ni wa bure kuliko mingine. Ni kinyume chake. Asiyeandika ruhusa hajatoa ruhusa.

Masharti yenyewe si mazito. Leseni ya MIT, ambayo pengine ndiyo mtakayokutana nayo mara nyingi zaidi, inataka jambo moja tu: taarifa ya hakimiliki na maneno ya leseni vibaki katika kila nakala au kila kipande kikubwa cha msimbo. Basi. Uza ukitaka, badilisha utakavyo, lakini jina la mwenyewe libaki. BSD inakaribiana nayo, na ile yenye vipengele 3 inaongeza kwamba usilitumie jina la mwandishi kutangaza bidhaa yako bila idhini yake. Apache inataka pia uonyeshe mafaili uliyoyabadilisha, na kama mradi una faili ya NOTICE, uipeleke pamoja na nakala. GPL ndiyo inayodai zaidi: ukiwagawia wengine programu uliyoitoa kwenye msimbo wake, uwape na msimbo, chini ya leseni ileile, ili nao wawe na uhuru uliokuwa nao wewe. GPL haikukatazi kutoza pesa. Watu wengi hukosea hapo.

Labda kuna anayesema moyoni kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa mbali wenye kompyuta nyingi, hawatujui wala hawatafika hapa. Basi twende Mosoriot.

Mosoriot iko kaunti ya Nandi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha pale, madaktari na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi ile ilipanuka Eldoret wakati wa kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ikaonekana mfumo wa kwanza hautoshi, na kuanzia 2004 ukaandikwa mwingine ulioitwa OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Msimbo wake uliwekwa wazi, ukatumika katika nchi nyingine nyingi, na hapa nyumbani ndio msingi wa KenyaEMR, ambayo baadhi ya wazazi hapa wameiona kwenye meza ya kliniki bila kujua jina lake. Takwimu ambazo vituo vyetu vya afya hutuma kila mwezi hupita kwenye DHIS2, mfumo huria unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Na Ushahidi, iliyoandikwa kwa siku chache Januari 2008 ili Wakenya waripoti ghasia za baada ya uchaguzi, ilifunguliwa kwa wote, na miaka miwili baadaye ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Kwa hivyo sisi si wachukuaji tu. Kuna Wakenya ambao majina yao yamo ndani ya mafaili yanayotumika hospitalini katika nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga. Mtu wa huko akiyafuta, tungekasirika, na tungekuwa na haki.

Je, kufuta jina kunaweza kumfikisha mtu kortini? Kuna kesi moja ya Marekani ningependa muijue, na ilianza na treni ndogo za mezani, zile ambazo watu wazima huzikusanya kwa burudani. Robert Jacobsen, profesa wa fizikia huko California, pamoja na watu wengine wa kujitolea, waliandika programu ya kuziendesha treni hizo kwa kompyuta. Mradi unaitwa JMRI. Waliitoa bure kwa leseni iitwayo Artistic License. Anayetaka kuutumia msimbo kwenye kazi yake alipaswa kuyaacha majina na taarifa za hakimiliki, aseme ameutoa wapi, na aeleze amebadilisha nini. Kampuni moja ikayachukua baadhi ya mafaili, ikayatia ndani ya programu yake ya kuuza. Majina hayakuwemo. Jina la mradi halikuwemo. Wala hakukuwa na maelezo ya kilichobadilishwa.

Mahakama ya kwanza haikumpa Jacobsen alichoomba. Iliona kwamba ruhusa aliyoitoa ni pana, na kwamba kuacha kutaja majina ni sawa na kuvunja mapatano ya kawaida, si kuvunja hakimiliki. Tofauti hiyo inaonekana ndogo lakini ni kubwa sana. Kwenye mapatano ya kawaida ungeulizwa umepata hasara ya shilingi ngapi, na mtu aliyekuwa akitoa kazi yake bure angejibu nini? Tarehe 13 Agosti 2008 mahakama ya rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Ilisema masharti yale ndiyo mipaka ya ruhusa yenyewe, na anayenakili nje ya mipaka hiyo anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Ikasema pia kwamba anayetoa msimbo bila kudai malipo bado ana faida anazozitafuta: jina lake kujulikana, na kazi yake kuboreshwa na wataalamu wengine. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 2010, na upande wa pili ukakubali kulipa dola 100,000. Hukumu ya Marekani haizifungi mahakama zetu, lakini mwanasheria yeyote anayeshughulikia leseni hizi anaijua.

Hata kampuni kubwa zimewahi kukamatika. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba kifaa cha Linksys cha kusambaza intaneti nyumbani, WRT54G, kilikuwa na Linux ndani yake, ambayo iko chini ya GPL, na wanunuzi hawakupewa msimbo. Baada ya kelele za wanaojua mambo, kampuni ikautoa. Kutokana na msimbo huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao mpaka leo unazipa maisha mapya ruta ambazo watengenezaji wameacha kuzishughulikia.

Sasa nirudi karibu na nyumbani, na hapa niwaombe wazazi wasikilize, kwa sababu ni pesa zenu. Kuna ofisi moja ya umma, siitaji, niliyowahi kufanya kazi kabla ya hii. Ilinunua mfumo wa kupokea malalamiko ya wananchi. Mwanakandarasi alisema ameuandika wote kutoka mwanzo, na kila mwaka alitoza ada ya leseni. Kila ukurasa ulikuwa na jina la kampuni yake. Mwaka wa tatu hakushika simu tena. Mfumo ukaanza kugoma, na vijana wa kompyuta waliokuwa ofisini wakaufungua. Ndani wakakuta ni programu huria, inayopatikana bure, ila mafaili ya leseni yameondolewa na majina ya waandishi yamefutwa kila mahali isipokuwa sehemu moja iliyosahaulika. Kupitia jina hilo moja wakaufikia mradi wa asili, wakakuta tatizo lao lilishatatuliwa muda mrefu uliopita.

Kosa la mtu yule halikuwa kuuza. Kufunga mfumo, kuufanya uzungumze Kiswahili, kuwafundisha makarani na kuja unapokwama ni kazi halali ya kulipwa, na nyinyi vijana nawatakia mlipwe vizuri kwa kazi hiyo. Kosa lake lilikuwa kuficha. Kwa kuficha, aliifanya ofisi nzima imtegemee yeye peke yake, kisha akatoweka.

Na jambo hili lina hatari kuliko fedha. Desemba 2021 lilitangazwa tundu kubwa la usalama katika Log4j, kipande cha msimbo kinachoandika kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu nyingine. Kimetumika katika programu zisizohesabika, na kinatunzwa na watu wengi wao wa kujitolea. Siku zile ofisi duniani kote zilikuwa na swali moja: je, sisi tunacho? Waliokuwa na orodha ya vipande walivyotumia, na majina ya vilikotoka, walijibu haraka na kuziba. Waliofutiwa majina na mwanakandarasi, wangeanzia wapi?

Kwa hivyo mkazi wa kaunti hii ana haki ya kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma na kuomba taarifa. Unaweza kuuliza mfumo fulani umejengwa juu ya nini, una leseni gani, na ada inayolipwa ni ya kazi ipi. Pengine maswali hayo yatanirudia mimi mezani. Sawa, yaje.

Vijana, kuna mtindo nimeuona nao haunipendezi. Mtu anapakua mradi mzima, anafuta historia yote ya Git, anabadilisha rangi ya kijani kuwa samawati, kisha anaupandisha upya kana kwamba jana hakukuwa na kitu. Anaandika "imetengenezwa na" halafu jina lake. Siku ya usaili anaulizwa, huu mstari unafanya nini? Anakohoa. Laiti angeacha historia ilivyo, akaongeza mabadiliko yake juu yake, angekuwa na jambo la kweli la kuonyesha: hawa walifika hapa, mimi nikaanzia hapa. Mwajiri mwenye akili anatafuta mtu wa aina hiyo, kwa sababu ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Cha kufanya hakichukui nusu saa. Acha faili ya LICENSE mahali pake, na taarifa za hakimiliki zilizo juu ya mafaili usiziguse. Ukiongeza yako, iweke chini ya iliyopo. Kwenye README andika ulichotumia, kimetoka wapi, nani aliandika, leseni gani, nawe umebadilisha nini. Kama programu ni ya simu, weka ukurasa mmoja ndani yake wenye majina hayo. Fungueni simu zenu sasa hivi, mwende kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu, mtafute leseni. Simu nyingi za Android zina orodha hiyo, ndefu kuliko hotuba yangu. Ikiwa kampuni inayouza simu duniani kote imepata nafasi ya kuwataja watu hao wote, wewe mwenye programu ya bei za sukuma wiki umekosa nafasi wapi?

Kijana mmoja aliniuliza nikiwa naingia: na msimbo unaoandikiwa na akili unde? Swali zuri. Mashine hizo zimefundishwa kwa misimbo ya watu, na zikikupa kipande mara nyingi hazikwambii kilitoka wapi. Kwa mistari miwili mitatu ya kawaida sina wasiwasi. Ikikupa kipande kirefu, chenye ustadi usioutarajia, chukua mstari mmoja usio wa kawaida uutafute mtandaoni kabla hujaweka jina lako. Mara nyingine utamkuta mwenyewe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo tunavyosema. Wengi wa hawa hata si wanyonge, ni watu tu wanaokaa usiku baada ya kazi zao wakirekebisha kitu ambacho wewe utakitumia asubuhi. Wakati mwingine waandikieni. Mkikuta kasoro waelezeni, mkiweza kuirekebisha wapelekeeni. Yule kijana wa vijia aliniambia kwamba katika miaka yote aliyochora hakuna aliyewahi kumwandikia kumshukuru, na mara ya kwanza aliyoona kazi yake imechapishwa, ilikuwa na jina la ofisi yangu.

Nitakuwa hapa hadi saa kumi. Mwenye mradi wake kwenye kompyuta aje nao tuufungue pamoja, tutafute leseni za vyote alivyotumia. Nimekuja na mabango yote mawili ya ramani, la kwanza na la pili. Nimeyabandika pale karibu na mlango, mkapate kuziangalia zile pembe za chini.